Mashavu ya Kuazima

Jambo la kwanza, vijana wangu mnaoingia kwenye kazi hii ya mazoezi ya viungo: msimtegemee mgonjwa awaambie hali yake. Mtu wa bonde hili ukimuuliza hujambo, atakujibu sijambo, hata kama ameletwa mgongoni kwa shemeji yake na miguu inaburuza. Ndivyo tulivyolelewa. Nilimpokea mzee mmoja wa Lumemo, amepooza upande mzima, nusu ya mdomo imelala. Namwamkia shikamoo, marahaba. Habari za nyumbani? Nzuri tu mwanangu, ila huu mguu kidogo. Kidogo! Kwa hiyo msikilizeni mgonjwa kwa adabu, halafu mwangalieni viatu.

Viatu havina adabu. Mtu ambaye mguu wake umeacha kunyanyuka kwa mbele, ndala yake inalika ncha, pale penye vidole, wakati kisigino bado kizima. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya pazia la chumba chetu cha mazoezi, natazama wanavyopanda zile ngazi za saruji kabla hawajajua kama wanatazamwa. Mgonjwa akishaingia ndani akaona meza na vyuma vya kushikilia, anajikaza, na hapo humjui tena. Wenzangu waliniita Mama Hebu, kwa ajili ya hebu simama, hebu chuchumaa, hebu nibane mkono kwa nguvu zako zote. Nikigeuka mgongo waliniita Polisi. Nilijua, wala sikuona tusi. Nimezaliwa na shaka. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba hata nilipokuwa nanyonya, niliachia ziwa kwanza nimtazame usoni ndipo niendelee.

Leo nyinyi mna mashine, na vile viatu vya plastiki vya kushikilia mguu vinavyotoka Dar. Sisi miaka ya tisini tulikuwa na plasta, mbao za fundi seremala, na akili. Kamba bora ya kunyanyulia mguu niliyowahi kuiona ilikatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, na aliyeikata ndiye mtu wa kwanza niliyemshuku katika habari hii ninayotaka kuwapa.

Jina lake Apolinari, fundi baiskeli wa mtaa wa Viwanja Sitini. Mkewe Skolastika alikuwa mkulima wa mpunga, na nyumba yao ilikuwa Katindiuka, pamoja na mama mzazi wa Apolinari, Bibi Kresensia, na dada yake Apolinari, Ponsiana, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume. Siku ya kwanza Skolastika aliletwa amekaa kwenye keria, mumewe anaisukuma baiskeli kwa mkono mmoja na mwingine kamshika kiuno. Yalianza kama ganzi kwenye nyayo. Kisha magoti yakakataa kupanda dungu, kile kibanda cha juu tunakokaa kuamia ndege mpunga ukianza kuchanua. Kisha vidole vikashindwa kukamua khanga. Nilipogonga goti lake kwa kinyundo, halikuruka. Nikagonga la pili, kimya.

Daktari wetu wa wodi, Severini, kijana mpole aliyezaliwa upande wa Mahenge, alimpima hiki na kile, akampima na maji ya mgongo, kisha akaniita. Alisema kinga ya mwili wa mama huyu imegeuka, badala ya kupiga vijidudu inaipiga mishipa ya fahamu, inaichuna ganda lake, na waya ukichunwa ganda umeme haufiki. Nikamuuliza kama ana hakika. Akacheka, akasema, "Mama Hebu, hata mimi unanipima?" Nikamwambia ndiyo.

Kabla ya hapo Skolastika alikuwa amekonda mno, na mnajua miaka ile. Mtu akikonda, Ifakara nzima ilikuwa imeshasoma majibu yake ya damu. Walimwita mwenye mdudu. Kisimani walimwachia ndoo yake peke yake. Alipimwa, hakuwa na Ukimwi, lakini majibu ya maabara hayapigiwi mbiu sokoni.

Basi akaanzishiwa predinisoloni, vidonge vyeupe, vingi, kila asubuhi baada ya kula. Haikupita muda mrefu akaanza kunyanyua mguu kitandani. Tukaenda kwenye vyuma, tukaenda ngazini. Apolinari akaja na ile kamba yake ya mpira, ameifunga kwenye ncha ya kiatu na juu ya goti, mguu unanyanyuka wenyewe. Na vile vidonge, kama mnavyosoma shuleni, vinaleta njaa, vinajaza uso. Skolastika akapata mashavu ya mviringo, akang'aa kama mtoto wa ubatizo. Alipotoka wodini kwa miguu yake, na mashavu yake, wale wa kisimani wakamkaribisha na kumwita shoga. Maneno yakaisha siku ile ile. Aliruhusiwa na vidonge vya kutosha, Daktari akiwa amemwonya kwamba ni Daktari mwenyewe atakayevipunguza kidogo kidogo, na kwamba asithubutu kuviacha ghafla. Muweke hayo akilini.

Wakahamia shambani nyumba nzima, kama watu wote wa huku msimu wa mpunga. Waliporudi baada ya mavuno, Skolastika akaja kliniki. Nilikuwa nyuma ya pazia langu. Alipanda ngazi akicheka na mama mmoja muuza vitumbua, shikamoo huku, marahaba kule, na ndala zake zilikuwa zimelika ncha.

"Hujambo Skola?"

"Sijambo Mama, mimi mzima kabisa."

"Hebu chuchumaa."

Alichuchumaa. Kusimama hakuweza. Alibaki pale chini, anatabasamu, mikono inatafuta kitu cha kushika, mpaka machozi yakamtoka. Nami, nisiwafiche, roho iliniuma kwanza, kisha ikaja hasira. Ugonjwa ulikuwa umerudi. Na uso wake ulikuwa umesinyaa, mashavu hayapo.

"Vidonge unameza?"

"Nameza vyote, Mama."

Ndipo ule uaskari wangu ukaamka. Mtu anayemeza vyote mashavu hayamtoki. Alilazwa tena, nami nikaanza kumchunguza kila aliyekuja kumwona.

Wa kwanza Apolinari. Mwanaume yule alikuwa anajibu maswali ya mkewe. Unamuuliza Skolastika kama amelala, Apolinari anasema amelala. Na alikuwa mpole kupita kiasi, na mtu mpole kupita kiasi mimi simpi mgongo. Nikajisemea huyu anavitoa vidonge vya watu kwa mwanamke mwingine, au ameambiwa na mganga asimpe. Nikamvizia. Nilichokiona ni mwanaume anayemtafunia mkewe nyama kwa sababu taya zilikuwa zinachoka, na anayeogopa kwamba akinyamaza atalia mbele za watu. Nikamwondoa kwenye shaka, ila si mara moja.

Siku moja akaja amenyong'onyea kuliko kawaida. Nikamuuliza kuna nini.

"Dada, wazee wamekaa," akasema. "Baba mkubwa Gaudensi ametamka. Ugonjwa uliokwisha hospitali hauwezi kurudi hivi hivi. Jumamosi wanampeleka mama ng'ambo ya mto akanyolewe."

Kama kuna mgeni wa bonde hili kati yenu, nimweleze. Ukituhumiwa uchawi, ukoo unakupeleka kwa mganga, unanyolewa kichwa chote, unanyweshwa dawa, na unarudi nyumbani ukihesabiwa kwamba huna tena nguvu ya kuroga. Wengine wanasema ni kheri, kwa sababu mtu hapigwi wala nyumba haichomwi. Lakini unarudi na kipara chako njia nzima, na watoto wanakunyooshea kidole.

"Kwa nini mama yako?"

"Siku Skola alipoanguka mara ya kwanza, mama alikuwa amemwambia asubuhi, leo usipande dungu. Wanauliza alijuaje."

Nikamwambia hata mimi ningemwambia hivyo, mtu anayejikwaa kwenye kizingiti. Apolinari akasema amewaambia, wakamjibu kwamba mtoto hawezi kuuona uchawi wa mama yake. Skolastika alikuwa kitandani, anasikia yote. Aligeukia ukutani. Na mimi nikaona kwamba mgongo ule ulikuwa unajua kitu.

Kesho yake nikapanda baiskeli hadi Katindiuka, kwa kisingizio cha kwenda kuangalia kama nyumba ina ngazi. Kweli tulikuwa tunakwenda kuangalia, na nyinyi mwende, msimfundishe mtu kutembea kwenye sakafu laini wakati kwao kuna mfereji mlangoni. Lakini siku ile nilimwendea mkosaji, na nilishamchagua, wifi mtu. Wifi na mke wa kaka nyumba moja, mnanielewa. Nilikuwa nimejiandaa kuvikuta vidonge chini ya godoro lake.

Bibi Kresensia alinikaribisha kigoda, akaendelea kupepeta mchele. Mwanamke mfupi, mkavu, nywele zake nyeupe zimesukwa mistari myembamba iliyonyooka, kazi ya mikono yake mwenyewe. Ndipo Ponsiana akatoka ndani na maji ya kunawa. "Shikamoo Mama," akapiga goti, akainama kunimiminia. Mikono yake niliyokuwa naitazama ilikuwa imekwisha, mifupa na ngozi. Nikainua macho. Uso wake ulikuwa wa mviringo, umejaa, umeng'aa.

Mikono ile haikuwa ya uso ule. Niliyafahamu yale mashavu, vijana wangu. Niliyalea mimi mwenyewe wodini. Nilikula ugali wao, nikawashukuru, nikarudi mjini bila kuangalia ngazi.

Skolastika nilimpeleka chumba cha mazoezi, nikafunga mlango.

"Ponsiana amenenepa," nikasema.

Akaanza kuvua ndala, kama tuliokuja kufanya zoezi.

"Alikuibia?"

"Hapana Mama!" Alisema kwa nguvu, mpaka nikashtuka. "Usimseme hivyo. Nilimpa mwenyewe. Nilikuwa nagawa, nusu yangu, nusu yake." Kisha yakamtoka yote. "Mume wake alikufa na huo ugonjwa wa mdudu, watu wanajua. Amerudi kwetu anakonda, wameanza kumfanyia kama walivyonifanyia mimi kisimani. Hata kanisani benchi linabaki wazi. Mama, mimi nilikaa kwenye benchi lile. Nikaona vidonge vimeniletea mashavu na watu wakanyamaza. Nikasema kama kwangu vimenyamazisha, na kwake vitanyamazisha. Na wamenyamaza, kweli. Juzi wamemwita jikoni kwenye harusi."

Nilikuwa nimejiandaa kukaripia, badala yake nikavuta kigoda nikakaa. Nilimshuku mume, nikamshuku mganga, nikamshuku wifi. Kumshuku mtu kwa wema haikuwahi kunijia. Nikamweleza kwamba dawa ile haitibu ugonjwa wa Ponsiana, inailaza kinga ya mwili wake wakati maradhi yanaamka, na kwamba yeye Skolastika miguu yake ndiyo iliyolipia yale mashavu. Aliitikia kwa kichwa. Nadhani la miguu alishalijua.

"Nikisema kweli, wifi yangu amekwisha," akasema. "Nisiposema, mama mkwe ananyolewa bure. Nifanyeje?" Kisha akasema, "Waambie nilikuwa navitupa chooni. Waambie ni ujinga wangu. Mimi watanisamehe, si mgonjwa?"

Nilimwambia Daktari Severini, yeye peke yake, kwa sababu Ponsiana naye sasa alikuwa hatarini, dawa ile haiachwi ghafla. Jumamosi asubuhi nikaenda Katindiuka. Wazee wamekaa kwenye mkeka, Mzee Gaudensi katikati, na Apolinari ameegemea baiskeli yake akitazama chini. Nikawaamkia wote, nikasema nimekuja kwa ajili ya mgonjwa. Nikawaambia Skolastika alikuwa anatupa vidonge. Nikaongeza, na hili lilikuwa kweli tupu, kwamba ugonjwa huu unaweza kurudi wenyewe hata kwa mtu anayemeza kila kidonge, Daktari amesema.

Mzee Gaudensi alinisikiliza vizuri. Mtu mwenye shaka kama mimi, nilimwona tangu alivyoniangalia viatu.

"Unarudi wenyewe," akasema. "Mama, kitu hakirudi bila kuitwa. Na tuseme alitupa. Mwanamke aliyekuwa hatembei, akapewa dawa akatembea, halafu anaichukua dawa hiyo hiyo anaitupa chooni. Nani aliyemharibu akili?" Wakaitikia, ndiyo, nani. "Umetusaidia. Sisi tulidhani amerogwa miguu. Kumbe na kichwa."

Ningetaka kuwaambia kwamba nilimjibu. Sikuwa na jibu, kwa sababu mimi ningekuwa kwenye mkeka ule ningeuliza hivyo hivyo. Jibu moja tu lingewanyamazisha, na lilikuwa limesimama mlangoni pa jikoni, limeshika ungo, mashavu yake yanatetemeka. Ponsiana alifungua mdomo. Nilimwona. Alikuwa anataka kusema.

Bibi Kresensia akasimama kabla yake. "Tutachelewa pantoni," akasema. "Twendeni."

"Mama, husemi kitu?" Apolinari akauliza.

"Niseme nini? Mmekaa, mmeamua. Ponsiana, funika chakula cha wageni." Akaingia ndani kuchukua khanga ya safari. Nikamfuata, kwa kisingizio cha kuaga.

"Bibi, unajua si kweli," nikamnong'oneza. "Kataa."

Alikuwa anakunja khanga taratibu. "Nikisema si mimi, watauliza ni nani. Wakianza kuuliza ni nani, hawatachelewa kumfikia binti yangu." Akanitazama usoni. "Vile vidonge alivyokuwa anapewa na mkamwana wangu Skola, maji ya kumezea unadhani nani alikuwa anachota? Mimi nywele zangu zitaota, mwanangu. Acha."

Akatoka akatangulia mbele yao njiani, hata Mzee Gaudensi ikabidi aharakishe.

Ninawaambia haya kwa sababu mnafundishwa kwamba ugonjwa ukirudi, mtafute kosa. Tafuteni. Shukuni dozi, shukuni maji ya kumezea, mshukuni mgonjwa, nishukuni na mimi. Lakini ugonjwa wenyewe nao ni wa kushukiwa. Miaka kadhaa baadaye ulimrudia tena Skolastika, akiwa anameza vyote, mumewe anamtazama, nami nimeshavikagua vidonge kama afisa wa forodha. Vyote vilikuwa sawasawa. Ulirudi tu, ukatibiwa, ukaondoka. Nilimkumbuka Mzee Gaudensi siku hiyo, nikatamani niende kumwambia, lakini alikuwa ameshatangulia mbele za haki.

Ile mara ya kwanza ugonjwa uliporudi, dozi ilirudishwa juu, na safari hii haikugawanywa. Skolastika alisimama kwenye vyuma, akatoka kwenye vyuma. Miguu ilikuja haraka, vidole vikachelewa. Vidole ndivyo vinavyochelewa siku zote, msikate tamaa navyo. Mpeni mgonjwa mchele achambue, mpeni sindano na uzi. Bibi Kresensia alikuwa anakuja naye, amejifunga kilemba, anakaa kwenye benchi langu na kusimamia zoezi kwa ukali kuliko mimi. Kule mtaani walisema, mmeona? Bibi kanyolewa na mkwe anapona. Nilitafuna ulimi wangu. Ponsiana alikuwa akija kwa mlango wa Daktari Severini, taratibu, akipunguziwa. Mashavu yalimwisha polepole na maneno yakarudi, lakini sasa kila mahali alipokaa, wifi yake Skolastika alikaa ubavuni pake. Benchi likawa na watu wawili.

Ponsiana alikufa mvua za masika zilipokuwa zinaanza, nyumbani, kichwa chake mapajani kwa mama yake.

Nilikwenda mazikoni. Baada ya matanga, kama ilivyo desturi, wafiwa wakanyolewa. Nywele za Bibi Kresensia zilikuwa zimeota, fupi, nyeupe, ndio kwanza zinaanza kushikika. Ndugu wa ukoo akaja na wembe na bakuli la maji. Bibi akamkatalia kwa mkono. "Huyu," akasema, akimwonyesha Skolastika. "Safari hii ataninyoa huyu."

Skolastika akapiga goti nyuma yake. Akaulowesha wembe, akaubana kati ya dole gumba na cha shahada. Mimi nilikuwa nalia kama wengine, lakini kazi ni kazi, macho yangu yalikwenda kwenye vile vidole. Wembe ni kitu chembamba, hakuna zoezi gumu kuliko hilo. Niliungoja udondoke. Alianzia utosini akashuka hadi kisogoni, mstari kwa mstari, na Bibi amefumba macho, na hakuna mahali palipotoka damu.